UZI: Ukikuta nomino za Kiingereza zimepanga foleni, anza kusoma nyuma

Mfasiri Huru

Salaam wakuu. Juzi mtu aliuliza humu kwa nini Waingereza wanasema "shoe shop" wakati duka lina viatu chungu nzima. Akajibiwa kejeli tu, uzi ukafa. Swali lile lilistahili majibu, maana linagusa jambo linalowaangusha hata watu wenye digrii zao: jinsi neno moja la Kiingereza linavyofafanua jingine. Mimi natafsiri mikataba na ripoti za miradi, nakutana nayo kila siku, kwa hiyo ngoja niyamwage hapa. Wajuzi mtaongezea.

Shuleni tulikaririshwa kwamba kivumishi kinafafanua nomino, kielezi kinafafanua kitenzi, basi, fungeni madaftari. Ukiingia kwenye Kiingereza chenyewe unakuta nomino inafafanua nomino ("kitchen table"), kielezi kinafafanua kivumishi ("extremely cold"), kielezi kinafafanua kielezi mwenzake ("very slowly"), na wakati mwingine kielezi kimeng'ang'ania nomino mchana kweupe: "the flat upstairs", "the road ahead", "the then minister". Kwa hiyo ukiona neno, acha kwanza kujiuliza ni la aina gani. Jiulize limeshikilia nini.

Tuchukue jina ambalo kila aliyepita chuo analijua: "Higher Education Students' Loans Board". Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Yaweke sambamba uone. Neno la mwisho la Kiingereza ndilo la kwanza la Kiswahili: Board, bodi. Linalofuata ukirudi nyuma: Loans, mikopo. Kisha Students, wanafunzi. Kisha Education, elimu. Mwisho kabisa Higher, ya juu. Ni jina lilelile limegeuzwa nyuma mbele. Treni ya Kiingereza kichwa chake kimefungwa mkiani, mabehewa ndiyo yanatangulia. Anayesoma kuanzia behewa la kwanza anafika katikati hajui anaenda wapi.

Sasa hesabu viunganishi. Kiswahili kimetaja ya, ya, wa, ya. Kila kimoja kinakuonyesha kipi kimeungana na kipi. Kiingereza kimetoa alama moja tu ya umiliki, pale kwenye Students'. Kwingine kote msomaji ajijazie mwenyewe.

Na kujijazia kwenyewe si kubandika "ya" na kuendelea na safari. "Olive oil" ni mafuta yaliyokamuliwa kwenye zeituni. "Baby oil" ni ya kumpaka mtoto, hakuna mtoto aliyekamuliwa. "Engine oil" ni ya kutia kwenye injini. "Cough syrup" ni dawa ya kukomesha kikohozi, na "corn syrup" imetengenezwa kwa mahindi. Sura ni ileile, nomino mbele ya nomino, lakini uhusiano wa ndani kila mara ni mwingine na haujaandikwa popote. Unaujua kwa sababu unaijua dunia, si kwa sababu unaijua sarufi.

Naweka kambi hapa. Karibuni.

---

Kamba Nyembamba

Mkuu umeanza vizuri, ila kuna mahali nimekwama. Ukigeuza tu nyuma mbele, "National Health Insurance Fund" itakuwa Mfuko wa Bima ya Afya ya Taifa. Mbona sisi tunasema Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya?

---

Mfasiri Huru

Kamba, umegusa penyewe.

Ukisema "Mfuko wa Bima ya Afya ya Taifa", ile "ya" inashikamana na afya, au ukijitahidi sana na bima. Haiwezi kushikamana na mfuko kwa sababu mfuko unataka "wa". Mtu wa kwanza kuliandika kwa Kiswahili ilibidi aamue: cha kitaifa hapa ni nini, afya, bima au mfuko? Akaamua mfuko, akaandika "wa Taifa". Tazama pia Shirika la Nyumba la Taifa. "La" inaturudisha kwenye shirika. Zingekuwa nyumba ndizo za taifa tungesikia "za". Kwa Kiingereza ni "National Housing Corporation", hakuna ngeli, kwa hiyo "National" imeruka juu ya "Housing" kwenda kukaa kwenye "Corporation" bila kuacha alama yoyote.

Kwa hiyo hatua zangu nikikutana na foleni ndefu ni hizi. Natafuta kichwa, nacho ni nomino ya mwisho. Halafu natafuta maneno yaliyokwishaganda pamoja, kama "health insurance", "social security", "water supply". Hayo ni kifurushi kimoja, usiyapasue. Baada ya hapo ndipo nauliza kila kilichobaki: wewe umeshika kifurushi, au umeshika kichwa? Hatua hii ya mwisho ndiyo inayokula muda, na hapo ndipo tafsiri za haraka haraka zinapoharibika.

---

BintiPwani

Swali la kizembe, msinicheke. Kwenye "health insurance", hiyo "health" si imeshakuwa kivumishi? Si inafafanua nomino?

---

Ticha wa Jioni

Si la kizembe hata kidogo, dada. Wanafunzi wangu wote huliuliza. Hapana, inabaki nomino, ila imepewa kazi ya kufafanua. Mtu ni yuleyule, cheo ndicho kimebadilika.

Jaribio la kwanza: weka "very" mbele yake. "Very big" inakubali. "Very health insurance" haikubali. Jaribio la pili: ipeleke baada ya "is". "The table is big", sawa. "The table is kitchen", hapana. Majaribio haya hayana ushahidi wa asilimia mia, kwa sababu hata vivumishi vingine vya kweli vinashindwa: huwezi kusema "very main road" wala "the road is main". Lakini kwa nomino yanafanya kazi vizuri.

Wakati mwingine Kiingereza kina nomino na kivumishi kwa pamoja na maana zinatofautiana. "Gold watch" ni saa iliyotengenezwa kwa dhahabu. "Golden hair" ni nywele za rangi ya dhahabu tu, hakuna sonara aliyezigusa. "Stone wall" ni ukuta wa mawe, "a stony path" ni njia iliyojaa mawe, na "a stony face" ni uso mkavu usioonyesha kitu.

Kuhusu lile swali la "shoe shop": nomino inayofafanua nomino nyingine kwa kawaida hubaki katika umoja hata kama vitu ni vingi. Mswaki ni "toothbrush" ingawa unasugua meno yote. Sehemu ya kuegesha magari ni "car park". Utamaduni huohuo unaingia kwenye vipimo, na hapa Afrika Mashariki tunakosea sana: mbio ni "a 100-metre race", siyo "100 metres race". Noti ni "a ten-thousand-shilling note". Mtoto ni "a five-year-old boy". Namba na kipimo vikisimama mbele ya nomino, ile "s" inaanguka. Ukivipeleka nyuma inarudi: "the boy is five years old".

---

Kamba Nyembamba

Na "sports car"? Na "savings account"? Na "customs officer"? Na hiyo "Loans Board" aliyoitaja mkuu? Na Mamlaka ya Bandari, "Tanzania Ports Authority"?

---

Ticha wa Jioni

Ha ha, nilijua mtanifuata. Kuna maneno ambayo maana yake inayokusudiwa inakaa kwenye wingi. "Customs" ni forodha. Ukitoa "s" inabaki mila. "Savings" ni akiba. "Saving" ni kitendo. "Arms" ni silaha. "Arm" ni mkono. Hayo hayaachi "s" yake. "Sports" ni mazoea ya lugha, ukitaka sababu utazeeka. Halafu kuna majina ya taasisi, ambako wingi unatumika kuonyesha kwamba chombo kinashughulikia vingi vya aina tofauti: bandari zote, mikopo yote. Na "man" na "woman" zina ukaidi wao: "women drivers", pande zote mbili zinakwenda wingi, wakati "lady drivers" inabaki hivyo.

---

Mzee wa Tegeta

Yaani nyie watu mnajitesa. Lugha ya watu hii.

---

BintiPwani

Mzee pita taratibu, wenzio tunatafuta ajira 😂

---

Otis wa Nairobi

Hamjambo ndugu zangu. Acha niongeze moja ambayo huku Kenya naiona kila siku kwenye notisi: "The concerned students should report to the office." Mwandishi alitaka kusema wanafunzi husika. Alichosema ni kwamba wanafunzi wenye wasiwasi ndio waende ofisini. Ukitaka "husika" neno linaenda nyuma: "the students concerned". Kivumishi ni kilekile, kimehama kiti, maana imebadilika.

Ndivyo ilivyo pia kwa "present". Kwenye muhtasari wa kikao "members present" ni waliohudhuria. "Present members" ni wanachama wa sasa, hata kama siku hiyo walilala nyumbani. Na "the people responsible" ni waliofanya jambo lenyewe, mara nyingi baya. "Responsible people" ni watu wa kuaminika. Hebu fikiria barua ya polisi ikichanganya hizo mbili.

Halafu kuna "late". "My late father" ni marehemu baba. Sisi tumeichukua tukaipeleka baada ya "is": "my father is late". Huku kwetu kila mtu atakupa pole. Mwingereza atakwambia usijali, pengine ni foleni tu.

---

Mfasiri Huru

Otis 🙌🏾. Hiyo ya "concerned" nimeiona hadi kwenye hati za kisheria.

Naongeza kidogo hapo. Kuna majina ya vyeo na ya mahakama ambako Kiingereza kinapanga maneno kama sisi, nomino kwanza kivumishi baadaye: "Attorney General", "Secretary General", "court martial". Mengi ya hayo yameingia kupitia Kifaransa, lugha iliyotawala mahakama na ikulu ya Uingereza kwa muda mrefu baada ya Wanormani kuivamia mwaka 1066. Kwa kuwa kichwa kiko mbele, wingi nao unakaa mbele: "Attorneys General". Hao ni wanasheria wakuu. Ukiandika "Attorney Generals" umewavisha magwanda ya kijeshi.

---

Mtoto wa Fundi

Mimi tatizo langu ni vielezi. Niliambiwa kielezi ni kivumishi ukiongeza "ly". Nikaandika kwenye barua ya maombi "I can work hardly under pressure". Jamaa mmoja akaisoma akacheka mpaka akakaa chini, hakunieleza kwa nini.

---

Ticha wa Jioni

Pole mdogo wangu 😅. Uliwaambia kwamba presha ikiwepo karibu hufanyi kazi kabisa. "Hardly" maana yake ni "kwa shida sana, karibu na sifuri". Kufanya kazi kwa bidii ni "work hard", bila mkia.

Kuna kundi zima la hivyo, na yote yana mitego. "Late" ni kwa kuchelewa, "lately" ni siku za karibuni. "Near" ni karibu kwa umbali, "nearly" ni nusura. "High" ni juu angani, "highly" ni kwa kiwango kikubwa: ndege anaruka "high", mtaalamu anaheshimika "highly". "Fast" haina "fastly" kabisa, ni neno moja kwa kazi zote mbili.

Na upande wa pili kuna yenye "ly" ambayo si vielezi: "friendly", "lonely", "lovely", "elderly", "cowardly". Hivi ni vivumishi. Huwezi kusema "he spoke friendly". Inabidi uzunguke: "in a friendly way".

Halafu vitenzi vya hisia: look, smell, taste, sound, feel. Baada ya hivi mara nyingi kinakuja kivumishi, maana kinamrudia mtenda. "The fish smells bad", samaki ananuka. Ukisema "the fish smells badly" umemlaumu samaki kwamba pua yake haifanyi kazi. Lakini kitenzi kikiwa kitendo kweli, kielezi kinarudi: "she looked angry" ni alionekana amekasirika, "she looked angrily at him" ni alimtazama kwa hasira. Jiulize tena lile swali la mkuu, neno limeshikilia nini: yeye, au kule kutazama?

---

Otis wa Nairobi

Ticha, ongeza na "quite". Bosi wangu wa zamani, Mwingereza, aliandika kwenye ripoti yangu "quite good" nikafurahi wiki nzima.

---

Ticha wa Jioni

Maskini. Kwa Waingereza "quite good" mara nyingi ni "si mbaya", inategemea sauti. Kwa Mmarekani inaelekea "nzuri sana". Ila ikikaa mbele ya kivumishi kisichopimika kwa ngazi, kama "impossible" au "dead", inakuwa "kabisa": "quite impossible", haiwezekani kabisa. Vivumishi vya namna hiyo ndivyo hivyo vinavyokataa "very". "Very cold" sawa, lakini kitu kikishakuwa "freezing" unasema "absolutely freezing".

---

BintiPwani

Nimefikiria lile la viunganishi, na kuna mahali nadhani Kiingereza kimetuzidi. Nikisema "nimevunja kikombe cha chai", hamjui kama kilikuwa na chai ndani au ni aina ya kikombe. Wao wana "a tea cup" kwa chombo na "a cup of tea" kwa kinywaji. Ni hivyohivyo kwa "matchbox" na "a box of matches", ukipewa la kwanza unaweza kukuta tupu.

---

Mfasiri Huru

Safi sana. Ni kweli, "-a unganifu" yetu (hizi ya, wa, la, cha) inabeba mizigo mingi kuliko tunavyokiri. Na kwa kuwa umefika hapo, geuza mpangilio uone: "horse race" ni mashindano ya farasi, "racehorse" ni farasi wa mashindano. "Milk chocolate" ni chokoleti iliyotiwa maziwa, "chocolate milk" ni maziwa yaliyotiwa chokoleti. Kichwa ndicho unachokula au kunywa.

Sauti nayo ina lake. Sema "ENGLISH teacher" ukikaza neno la kwanza: ni mwalimu wa somo la Kiingereza, anaweza kuwa Mnyakyusa. Sema "English TEACHER" ukikaza la pili: ni mwalimu ambaye ni Mwingereza, anaweza kufundisha kemia. Kwenye la kwanza "English" ni nomino, jina la somo. Kwenye la pili ni kivumishi. Kwa maandishi huwezi kuvitofautisha. Msikie Mwingereza akitaja "greenhouse", ile ya kuoteshea nyanya, halafu "green house", nyumba ya kijani.

---

Kamba Nyembamba

Vichwa vya habari vya magazeti ya Kiingereza ndiyo balaa kamili. Wanafuta kila kiunganishi kubana nafasi. Mwaka 2009 gazeti moja la mtandaoni la Kiingereza la Japani liliandika "Violinist Linked to JAL Crash Blossoms". Walitaka kusema mpiga fidla mwenye uhusiano na ile ajali ya ndege ya JAL (shirika la ndege la Japani) sasa anang'ara. Wasomaji wakasoma "crash blossoms" kama kirai kimoja, maua ya ajali, wakabaki kujiuliza hayo ni maua gani. Mpaka leo vichwa vya habari vya namna hiyo vinaitwa kwa jina hilohilo, "crash blossoms".

---

Mtoto wa Fundi

Wakuu, kabla uzi haujapoa. Nina mkataba wa nyumba wa Kiingereza mbele yangu. Kuna sentensi mbili zinanisumbua. Ya kwanza: "The tenant shall bear the faulty water meter replacement cost." Ya pili: "Tenants may only use the rear gate on Sundays." Nisaini?

---

Mfasiri Huru

Usisaini bado, tuifungue.

Ya kwanza. Kichwa ni "cost", gharama. "Replacement cost" ni gharama ya kubadilisha. Kubadilisha nini? "Water meter", mita ya maji, kifurushi kilichoganda. Imebaki "faulty", mbovu. Imeshika nini? Kwa akili ya kawaida imeshika mita: mpangaji atalipa gharama ya kubadilisha mita ya maji iliyoharibika. Hiyo ndiyo maana wanayoikusudia, karibu nina hakika. Lakini kisarufi inaweza pia kushika "replacement", kwamba ubadilishaji wenyewe ulifanywa vibaya, na hapo bili ya fundi mbovu inakuwa yako. Tena sentensi haisemi mita imeharibiwa na nani. Mita ikichoka yenyewe kwa uzee, unalipa tu.

Mwombe mwenye nyumba aandike "the cost of replacing the water meter if the tenant damages it". Ni ndefu zaidi, ndiyo. Kila kilichofichwa kimetolewa nje, na sehemu ya pili ya sentensi inakulinda.

Ya pili ni "only", mkorofi kuliko vielezi vyote. Inashika nini? Ikiwa imeshika "the rear gate", maana yake Jumapili mnapita geti la nyuma tu, la mbele limefungwa. Ikiwa imeshika "on Sundays", geti la nyuma ni la Jumapili tu, siku nyingine marufuku. Ikiwa imeshika "use", basi geti ni la kupita tu, usije ukapanga biashara pale. Katika mazungumzo Mwingereza angeimaliza kwa sauti. Kwenye karatasi hakuna sauti. Dawa ni kuisogeza "only" ikae ubavuni kwa inachokishika: "only on Sundays", au "only the rear gate".

---

Mtoto wa Fundi

Nimempigia. Anasema geti la nyuma ni la Jumapili tu kwa sababu siku nyingine kuna mbwa. Ya mita anasema ataiandika upya, ila na yeye ameuliza "faulty" maana yake nini.

---

Mzee wa Tegeta

Huyo mbwa ni wa aina gani? Muulize kabla ya kusaini.